Usiniulize Kama Nimechoka

Asubuhi ile mtafiti alibadilisha gauni mara tatu, na mara ya tatu akarudia lile la kwanza. Chai aliimimina, akaisahau mezani mpaka ikapoa. Fomu alizitia mkobani, akazitoa, akazitia tena. Mtu angemwona angedhani anakwenda kufanya mtihani, kumbe alikuwa anakwenda kuuliza maswali tu, kazi aliyoifanya miezi sita bila kutetemeka hata kidole.

Lakini leo ilikuwa siku ya mwisho, na nyumba yenyewe ndiyo ile.

Chuo kikuu kilikuwa kimemtuma, yeye na wenzake wawili, kufuatilia familia ishirini zenye wazee wanaougua ugonjwa wa kusahau. Walitaka kujua kama vifaa vidogo vidogo vya nyumbani vinaweza kumpunguzia mlezi mzigo. Vifaa vyenyewe vilikuwa viwili. Kimoja kilibandikwa juu ya mlango wa mbele. Mlango ukifunguliwa, kililia na kuiweka saa kwenye kumbukumbu. Kingine kilikuwa kisanduku kisichozidi kopo la maziwa, kilichomkumbusha mgonjwa kwa maneno: leo ni siku gani, dawa iko wapi, chakula kiko tayari.

Kwa kanuni, sauti ya kisanduku inatakiwa iwe ya ndugu wa mgonjwa. Katika nyumba hii kanuni iligonga mwamba siku ya kwanza. Mgonjwa alikuwa mama mmoja aliyepokea simu za hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka mtaa mzima ukamwita Bi Simu. Walipoweka sauti ya binti yake mkubwa, Bi Simu alikifunika kisanduku kwa sufuria akasema hapendi kufokewa. Walipoweka sauti ya mwanawe wa kiume, alizunguka nyumba nzima akimtafuta, akifunua mapazia na kuchungulia uvunguni, akidhani mwanawe amenasa mahali. Mwishowe mtafiti akajaribu mwenyewe, basi tu, ili aone kama spika ni nzima.

"Moja, mbili. Moja, mbili."

Bi Simu akaketi wima, akaweka nywele sawa. "Hospitali, habari za asubuhi. Nikuunganishe na nani?"

Tangu siku hiyo sauti ya kisanduku ikawa ya mtafiti, na yeye mwenyewe akapewa jina: Sauti. Bi Simu ndiye aliyeanza kumwita hivyo. Mwanawe naye akafuata.

Na huyo mwanawe ndiye aliyekuwa anamkosesha mtafiti wa watu raha. Alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ile ile, ili amwangalie mama yake huku anafanya kazi. Wateja walimwita Fundi. Alikuwa mwanaume mrefu, mpole, mwenye tabia ya kubana misumari midogo midomoni anapopigilia kitambaa, kwa hiyo mara nyingi alimjibu Sauti kwa macho tu. Na macho yale, jamani! Yalikuwa yanasema mengi kuliko fomu yoyote iliyowahi kuandikwa chuoni kwao.

Siku ya ziara ya nne, Fundi aliinama akautoa uzi mwekundu uliokuwa umenasa begani kwa Sauti.

"Uzi," alisema. Basi. Neno moja. Lakini jioni hiyo Sauti alipitiliza kituo chake, akapanda gari la kurudi, akakipitiliza tena.

Wiki mbili zilizopita, akimsindikiza mlangoni, Fundi alitoa ya moyoni. "Nakupenda. Najua hupaswi kuyasikia haya."

"Basi usiyaseme," Sauti alimjibu. "Usiyaseme mpaka nimalize fomu ya mwisho."

Maana alikuwa amekula kiapo. Mbele ya kamati ya maadili ya chuo alitia saini kwamba mtafiti hatakuwa na uhusiano wa kimapenzi na mgonjwa wala mlezi wake. Kiapo hicho alikuwa amekitunza kwa mikono na kwa mdomo. Moyo ndio uliomshinda.

Alipobisha hodi, hakufungua Fundi. Alifungua mwanamke mnene wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mkufu, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akarudi kwenye viatu.

"Habari za asubuhi, dada," Sauti alisema.

"Nzuri. Kumbe ndiye wewe. Nimekusikia ndani ya hilo kopo tangu nilipofika, nikadhani ni mtu mzima mwenzangu. Kumbe kasichana."

Sauti akamtambua. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mwalimu mkuu wa shule katika mji mwingine, mtu ambaye hata mdogo wake wa tumbo moja alimwita Mkuu. Kwa miezi sita alikuwa akisikika kwenye simu tu.

"Karibu ndani," Mkuu alisema, bila kuondoka mlangoni. "Lakini kwanza nijibu jambo moja. Mdogo wangu leo amenyoa ndevu. Jirani ananiambia kwamba hunyoa Jumanne, tena si kila Jumanne. Anaruka moja, ananyoa moja. Wewe huwa unakuja Jumanne zipi?"

Sauti alivitazama viatu vyake. "Ninakuja kila baada ya wiki mbili, dada."

"Nilijua tu." Mkuu akampisha. "Ulikuja kumpima mama yangu. Sijui ni nani aliyekuagiza umpime na kaka wa watu."

Ndani ya karakana, Bi Simu alikuwa ameketi kwenye kochi lisilo na kitambaa, anakunja vipande vya vitambaa na kuvipanga pajani. Fundi alisimama ghafla alipomwona Sauti, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Akaitema kiganjani.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Tumefika sote," Mkuu alidakia. "Sasa tufanye kilichotuleta. Binti, nisikilize. Profesa wako aliniahidi kwamba familia itapewa matokeo ya hizo fomu. Mimi nayataka leo. Fundi akionekana amelemewa, Mama naondoka naye. Chumba nimeshakiandaa, na mtu wa kumtunza nimeshampata."

"Nimekwambia silemewi," Fundi alisema.

"Sijakuuliza wewe. Naiuliza fomu."

Sauti aliketi kwenye kigoda, akaanza kuzipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Kulikuwa na kitu kimemruka kifuani, na alikiona kabla hajakificha. Bi Simu akiondoka, Fundi atabaki huru. Atakuwa na jioni zake, na Jumamosi zake, na nafasi moyoni mwake. Lilikuwa wazo la kufumba na kufumbua, lakini lilimwacha na aibu kama mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya mfuko wa mwenzake.

"Mlezi anaulizwa peke yake," alisema bila kuinua macho. "Ndivyo kanuni ilivyo. Samahani, dada."

Mkuu alimshika mama yake mkono. "Twende ndani, Mama."

"Wewe ni wa zamu ya leo?" Bi Simu alimuuliza kwa upole.

"Mimi ni mwanao, Mama."

"Ahaa. Karibu sana hospitalini."

Mkuu alimwinua kutoka kwenye kochi. Akamwongoza mama yake chumba cha pili. Kati ya vyumba vile viwili hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia tu, na wote walijua kwamba pazia halizuii neno.

Sauti alifungua fomu. Kalamu ikamtoka ikaanguka. Wote wawili wakainama kuiokota, vidole vikagusana, na kila mmoja akaurudisha mkono wake haraka kama aliyegusa pasi ya moto.

"Swali la kwanza," alisema. "Kwa wiki mbili zilizopita, umekuwa ukilala saa ngapi kwa usiku mmoja?"

"Saba."

"Fundi."

"Andika saba."

"Kifaa cha mlangoni kinaonyesha usiku wa Jumapili mlango ulifunguliwa mara tano."

"Hicho kifaa chako kina kiherehere."

Sauti alitaka kucheka, akashindwa. Macho ya Fundi yalikuwa mekundu pembeni, na ngozi ya chini yake imebonyea. Aliandika saba.

"Unaye mtu wa kukupokea unapohitaji kupumzika?"

"Ninaye."

"Nani?"

"Hicho kisanduku. Saa moja asubuhi kinamwamkia Mama, nami napata dakika kumi za kukaa kimya." Akashusha sauti. "Wakati mwingine naamka mapema nikingoje. Hilo usiliandike."

"Usinifanyie hivyo," Sauti alinong'ona.

"Nifanye nini?"

"Usiseme maneno ya namna hiyo. Leo nina kazi."

"Na mimi je? Miezi sita unakuja hapa, unaniuliza nimelala vipi, nimekula nini, nimecheka mara ngapi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mambo hayo maishani. Halafu ukimaliza unafunga karatasi unaondoka. Mimi niyaweke wapi?"

Nyuma ya pazia, kiti kilikwaruza sakafu. Sauti akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma haraka haraka ili asipate muda wa kufikiri.

"Je, kumtunza mgonjwa kumekuzuia kupanga maisha yako, kwa mfano kazi, urafiki au ndoa? Chagua jibu moja. Hapana kamwe. Mara chache. Mara nyingi. Kila siku."

Fundi alitazama dirishani. Aliigeuzageuza misumari kiganjani.

"Hapana kamwe," alisema.

"Huo ni uongo."

"Wewe ni mtafiti au hakimu? Andika nilichosema."

"Mwezi uliopita nilikukuta umelala umeinamia kochi, sindano bado mkononi! Ulikataa kazi ya viti vya ukumbi mzima kwa sababu ungelazimika kulala nje siku tatu. Rafiki zako hawaji tena. Halafu unaniambia niandike hapana kamwe?"

"Ndiyo! Andika!" Fundi alisimama, kigoda chake kikaanguka nyuma yake. "Kwa sababu nikisema nimechoka, Mama anachukuliwa. Mama akichukuliwa, mimi nabaki huru. Nikiwa huru, nakuoa. Unadhani hilo sijaliona? Nimeliona, Sauti. Naliona kila siku. Na ndiyo maana sitaki uniulize kama nimechoka. Mtu yeyote aniulize, wewe usiniulize. Maana sijui tena ni nani anayejibu, mtoto wa yule mama pale ndani au mwanaume anayekutaka. Kinywa changu mwenyewe sikiamini." Akahema. "Na mkono wako unaoshika hiyo kalamu, nao siuamini."

Maneno yale yalimchoma, tena yalimchoma pale pale palipokuwa na kidonda. Angeweza kukasirika. Angeweza kusema ananionaje huyu. Lakini wakati huo huo Fundi aligeuka, akamtazama usoni kwa macho ya mtu anayeomba aambiwe amekosea.

"Niambie," alisema polepole. "Kuna siku yoyote uliyotamani niseme nimechoka?"

Sauti alitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. Uongo ulikuwa pale karibu, mwepesi, tena mtamu.

"Ipo," alisema. "Leo. Nilipomsikia dada yako akisema anaondoka naye."

Fundi alifumba macho.

Sauti akaifunga fomu. Akaiweka kalamu juu yake. Halafu akatoa simu mkobani, akampigia Profesa, mama mkali aliyewasimamia, ambaye hakuna mwanafunzi aliyempigia bila kujikohoza kwanza.

"Unafanya nini?" Fundi aliuliza.

"Kazi yangu."

Profesa alipokea mlio wa pili. "Sema."

"Profesa, niko nyumba ya kumi na nne. Siwezi kumaliza fomu. Nina... nampenda mlezi wa hapa. Hakuna lililotendeka kati yetu, lakini nampenda, naye ananipenda. Majibu ya hapa hayafai tena. Nimeona nikwambie kabla sijaandika neno zaidi."

Sauti alisikia kalamu ya Profesa ikiwekwa mezani.

"Tangu lini?"

"Ziara ya nne."

"Ya nne! Na hii ni ya kumi na mbili. Miezi yote hiyo umekaa kimya?"

"Nilidhani nitaweza kujizuia mpaka mwisho."

"Unajua unachopoteza? Takwimu za nyumba hiyo zinaweza kufutwa. Kuhitimu mwaka huu usahau. Kamati inaweza hata kukufukuza."

"Najua."

Profesa alishusha pumzi ndefu. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imelegea kidogo, kidogo sana. "Toka humo ndani. Vifaa viache vilivyo, yule mama asisumbuliwe mpaka kamati ikae. Nitamtuma mwenzako amalize. Na wewe usifike hapo, usipige simu, usiandike ujumbe, mpaka uamuzi utoke. Siku ishirini na moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Profesa."

Alipokata simu, pazia lilikuwa limeshafunuliwa. Mkuu alikuwa amesimama hapo, miwani mkononi.

"Haya," Mkuu alisema. "Fomu imekwisha. Sasa nakuuliza mimi, mdogo wangu. Si fomu, si huyu binti. Mimi dada yako."

Fundi aliiacha misumari ianguke. Akaketi sakafuni pale pale, mgongo kwenye kochi, mtu mzima mwenye mabega yale, akajifunika uso.

"Nimechoka, Mkuu," alisema kwenye viganja vyake. "Nimechoka mpaka juzi nilimfokea Mama. Alikuwa anataka kutoka, mara ya nne usiku ule, nikamshika mkono kwa nguvu. Aliniogopa. Mama yangu aliniogopa. Asubuhi alikuwa ameshasahau, akanipa pole kwa kuwa macho yangu mekundu." Akalia bila sauti. "Lakini usimchukue. Nakuomba. Nisaidie, usimchukue."

Sauti alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake begani. Mwili wake wote ulitaka kupiga magoti pale sakafuni, amshike kichwa, amwambie yaliyomjaa miezi sita. Aliushika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili ili mikono isiende ilikotaka.

Mkuu hakumkemea. Kwa mara ya kwanza alionekana hajui la kufanya na mwili wake. Aliketi kwenye ukingo wa lile kochi tupu, springi zikalia.

"Unajua kwa nini nilitaka kumchukua?" alisema. "Nilisema ni kwa ajili yako. Si kweli. Mama anakukumbuka wewe. Anamkumbuka jirani. Huyu binti wa kopo anamkumbuka. Mimi, tangu nimefika, ameniita muuguzi wa zamu, ameniita mgeni, ameniuliza nimekuja kumwona mgonjwa gani. Mimi ndiye niliyemfanya aitwe mama, na mimi ndiye wa kwanza kufutika." Akaivaa miwani, akaivua. "Nikafikiri nikikaa naye, akiniona kila asubuhi, pengine nitarudi."

"Si ungesema, dada," Fundi alimwambia.

"Nani anaweza kusema neno kama hilo kwenye simu?"

Kisha Mkuu akajikaza, akawa Mkuu tena. "Shule zinafungwa Ijumaa. Nitakuja na sanduku langu, nitakaa likizo nzima. Zamu za usiku ni zangu. Likizo ikiisha tutaketi tuzungumze, sisi wawili, kama watu wazima." Akamgeukia Sauti. "Na wewe umeambiwa utoke, unangoja nini? Usidhani kwa kuwa umesema ukweli mara moja basi nimekukubali. Sijakukubali."

"Sawa, dada," Sauti alisema.

Akamtazama Fundi mara moja tu, naye akamwangalia kutoka kule sakafuni, uso umelowa. Mlango ulipofunguka, kifaa cha juu kililia, na Sauti akatoka nje kwenye jua kali, mwepesi na mtupu kama mtu aliyetoka kutapika.

Siku ishirini na moja zile zilimtesa. Alisafisha chumba chake mpaka mwenye nyumba akamuuliza kama anahama. Alianza vitabu vinne, hakuna alichofikisha ukurasa wa kumi. Njiani alivuka barabara ili asipite mtaa unaoelekea kule, kisha akarudi kutazama kona yake kwa mbali. Mama yake mzazi alimpigia simu na kumwambia wazi kwamba amechezea bahati: mwanaume fundi, tena mwenye mama mgonjwa, na kwa huyo anaacha kuhitimu?

"Unaingia kwenye nyumba ya kuuguza, mwanangu," mama alilalamika. "Utazeeka kabla hujaishi."

"Mama, mimi nimesoma miaka mitatu jinsi watu wanavyowachoka wazee wao," alimjibu. "Yule amechoka, lakini hamchoki mama yake. Mwanaume wa namna hiyo mimi nimpate wapi tena?"

Mama akasema simu inakata, ingawa haikuwa inakata.

Siku ya kamati ilipofika, walimhoji saa nzima. Walimtoa nje, wakamrudisha. Mwenyekiti akasoma uamuzi bila kuinua uso: nyumba ya kumi na nne inafutwa kwenye utafiti, mtafiti apewe onyo la maandishi, aanze nyumba mpya, na kuhitimu kwake kusogezwe mwaka mmoja. Vifaa vibaki kwa familia ile kama msaada, kwa kuwa kumwondolea mgonjwa sauti aliyoizoea kungemdhuru. Kuhusu maisha yake nje ya utafiti, kamati haina neno.

Alitoka nje. Kwenye benchi la varanda alikuwa ameketi mwanamke mnene, mkoba pajani.

"Dada?" Sauti alishtuka. "Umefuata nini huku?"

"Niliitwa kabla yako. Walitaka kujua kama umeidhuru familia yangu." Mkuu alisimama, akajipangusa gauni. "Nikawaambia ulifanya kosa, tena kosa kubwa. Ulipenda mahali ulipotumwa kazi, ukanyamaza. Halafu nikawaambia kwamba jibu lililokufaa, kwamba Fundi amelemewa, lilikuwa mbele yako, kalamu unayo, shahidi huna, na hukuliandika. Mimi nina walimu ishirini na wawili chini yangu. Sina uhakika kama ninao wawili wa namna hiyo."

Sauti alifungua mdomo. Machozi yakamtangulia.

"Utalilia njiani," Mkuu alisema, akimpa kitambaa cha mkononi. "Nimemwacha Mama na jirani, na jirani anaondoka saa nane."

"Na Fundi?"

"Amelala. Tangu zamu za usiku ziwe zangu, analala kama mtoto. Leo nilishindwa kumwamsha." Akamshika mkono, mkono mzito wenye joto. "Twende, wifi."

Neno lile lilimwingia Sauti hadi kwenye mifupa. Hawakutembea, walikwenda nusu wakikimbia, Mkuu akihema na kuwalaumu vijana wa siku hizi wasiojua kupenda kwa mpango.

Walipofika, Bi Simu alikuwa uani na jirani, wanaanua nguo. Mkuu akaenda huko. Sauti akaingia karakana peke yake, polepole. Fundi alikuwa amelala kwenye kochi jipya alilomaliza kulivisha kitambaa cha kijani, mkono mmoja umening'inia, mdomo wazi kidogo. Uso wake ulikuwa umejaa tena. Sauti alivuta kigoda, akaketi karibu, akamtazama. Hakuna fomu, hakuna saa, hakuna mtu nyuma ya pazia. Alimtazama mpaka akashiba, halafu akaendelea.

Fundi alifumbua macho. Alimwangalia bila kushtuka, kama mtu anayeogopa ndoto isije ikatoroka.

"Wamekuruhusu?"

"Wameniruhusu. Ila nimesogezwa mwaka mzima."

"Pole."

"Usinipe pole. Nimekuja kukwambia jambo. Niko tayari kuolewa na wewe, na mama yako akiwa humu humu ndani, na usiku wake, na milango yake. Sitaki mwanaume huru. Nakutaka wewe."

Fundi aliinuka akaketi, nywele zimelala upande mmoja. "Lakini mimi sijakuuliza."

"Basi niuluze. Ulimi wangu huu, niulize!" alijisahihisha, akicheka huku machozi yanamtiririka.

Fundi akaishika mikono yake miwili, mikono iliyokaa miezi sita ikijizuia, na akaanza kumuuliza. Hakufika mwisho wa sentensi. Sauti alikuwa ameshajibu.